"Napambana" na "struggle" si ndugu

Jana ofisini kwetu Posta, mgeni kutoka Uingereza kamuuliza dogo wa stoo kazi inaendaje. Dogo kwa bashasha zote: "I am struggling, sir!" Mzee wa watu uso ukambadilika, akaanza kumuuliza kama mzigo umemzidi, kama atafutiwe msaidizi. Dogo haelewi, maana yeye alimaanisha napambana.

Hapa Dar napambana ni karibu na salamu. Kondakta wa Mbagala anapambana, mama ntilie anapambana, hata mwenye ghorofa lake Mbezi Beach atakwambia anapambana tu, ndugu yangu. Struggle ya Kiingereza ina unyonge ndani yake: unahangaika, jambo linakuelemea na huenda likakushinda. Kwa hiyo mwalimu akiandika kwenye ripoti kwamba mtoto "is struggling with maths", mzazi usitabasamu, tafuta tuisheni mapema.

Struggle ya maana hii ikifuatwa na jina la kitu, kwa kawaida hutaka "with", kama hiyo "with maths". Ikifuatwa na kitenzi hutaka "to", kama "struggling to pay rent". Hiyo wapangaji wa Sinza hamhitaji mfano zaidi.

Ukiulizwa na bosi, sema "I'm working hard". Imekaa kishuleshule, najua, ila ujumbe unafika.