Kuponi Mombasa: makasi yabaki kwa fundi cherehani

Kijikaratasi cha ofa kikikwambia mafuta ya kupikia yameshuka shilingi 80, anza hesabu na nauli. Tuseme matatu ni 50 kwenda na 50 kurudi: punguzo limekwisha kabla hujashika kikapu, na bado una deni la 20. Jirani yako anayepita mlangoni mwa duka hilo kila jioni akitoka kazini anazitia 80 zote mfukoni. Ofa ni ileile. Kwa hivyo anayekwambia kuponi, yaani karatasi au msimbo wa kupunguziwa bei, zina faida au hazina bila kukuuliza unakaa wapi na unapita wapi, anabahatisha tu. Wakazi wa Likoni, wanaovuka kwa feri, watasema kivuko hakiwatozi waendao kwa miguu, na ni kweli, lakini foleni ya jioni nayo ina bei yake.

Kuponi yenyewe ya kukata kwa makasi ni mambo ya Marekani. Huko Coca-Cola ilianza kugawa vikaratasi vya glasi moja ya bure katika miaka ya 1880, na desturi ikakua hadi magazeti ya Jumapili yakawa yanakuja na kurasa nzima za kuponi. Mteja anakata, anampa keshia, duka linapunguza bei, kisha vikaratasi vinakusanywa na kupelekwa kuhesabiwa ili mtengenezaji alirudishie duka pesa yake pamoja na ada kidogo ya usumbufu. Mfumo huo hapa kwetu haupo. Mtengenezaji akitaka kushusha bei huelewana na supamaketi, na wewe unakuta kibandiko cha rangi kwenye rafu. Tulicho nacho ni karatasi za ofa, kadi za pointi, misimbo ya punguzo kwenye programu za simu, bidhaa zilizofungwa mbilimbili kwa utepe, na vitu vinavyokaribia kuisha muda. Hizo ndizo kuponi zetu.

Kabla ya kuzifukuzia, jua zinagusa sehemu gani ya matumizi yako. Weka risiti zote za mwezi mmoja, na unachonunua bila risiti kiandike kwenye simu. Kisha gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni samaki, nazi, mchicha, nyanya, viazi, ndizi, mbaazi na mahamri ya asubuhi. Hilo halina kuponi na halitakuwa nayo. Bei yake inashuka kwa kwenda soko la Kongowea asubuhi, au kwa kusubiri soko la Marikiti jioni wauzaji wanapotaka kufunga. Fungu la pili ni vya pakiti: unga, mafuta, sukari, sabuni, dawa ya meno, tishu, pampasi.

Tuseme nyumba inatumia 24,000 kwa mwezi, na vya pakiti ni 9,000. Ukiwa makini sana utabahatika kukuta ofa kwenye nusu ya hivyo, yaani 4,500, na punguzo la asilimia 10 ni 450. Si haba. Lakini safari chache za tuktuk zinaimeza yote, na kumwomba muuza samaki akupunguzie 30 mara nne kwa wiki kunakuletea karibu 500 kwa mwezi bila karatasi yoyote.

Hesabu ya pili ni ya kilo, na hapo ndipo wengi wanaibiwa mchana kweupe. Gawa bei kwa gramu au mililita, kisha zidisha kwa 1,000. Mfano: dumu la lita 3 limeshushwa kutoka 900 hadi 820, limebandikwa nyekundu, limewekwa mbele. Lita moja inakuwa 273. Rafu ya chini kabisa kuna dumu la lita 5 kwa 1,300, halina kibandiko wala mbwembwe. Lita moja ni 260. Mwenye kukimbilia ofa kalipa zaidi kwa kila lita. Calculator ya simu inatosha, na ukizoea hutumii hata nusu dakika.

Angalia uzito ulioandikwa, usiangalie ukubwa wa pakiti. Maziwa yaliyozoeleka ya mililita 500 yana ndugu yake wa 450 anayefanana naye kama pacha. Sabuni ya mche ya kilo moja ina wenzake wa gramu 800 na chini ya hapo. Tishu hesabu karatasi na tabaka, maana roli nono huenda imevimba kwa hewa tu. Kikombe cha bure kilichofungwa na majani ya chai kihesabu sifuri, isipokuwa ulikuwa unakwenda kununua kikombe.

Sasa jambo ambalo washauri wa kuponi wa mitandaoni hawalijui, kwa sababu hawaishi pwani. Mbinu yao yote ni kulimbikiza: bei ikishuka, nunua ya miezi sita. Hali ya hewa ya Mombasa haikubali. Unyevu wa hapa unapenya kila pakiti ya karatasi, na joto halilali.

Unga wa sima ndio wa kwanza kukuumbua. Fukusi hawaji kwa bahati mbaya. Mara nyingi mayai yao yamo ndani tangu kwenye nafaka au ghalani, yanasubiri joto tu. Usiweke zaidi ya unga wa wiki nne, sita ukiwa na vyombo vizuri. Ukiwa na friza, laza pakiti humo siku nne kabla ya kuhifadhi. Baridi inaua wadudu na mayai. Ukitoa, usifungue papo hapo. Acha pakiti ipate joto la chumba ikiwa imefungwa, la sivyo jasho la baridi litauingia unga nao utafanya mabonge.

Mchele unavumilia zaidi. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana inameza kama kilo 15. Ikae juu ya ubao, mbali na ukuta, kwa sababu sakafu ya saruji na ukuta wa nje hutoa unyevu. Kosa kubwa ni kumimina mchele mpya juu ya wa zamani uliobaki chini: wadudu watatu wa zamani wanapata nyumba mpya. Maliza, osha ndoo, ianike juani mpaka ikauke kabisa, ndipo ujaze. Majani makavu ya mwarobaini husaidia kuwafukuza wadudu, lakini usiyategemee kuua waliokwishaingia.

Sukari haiozi, ila huganda mawe. Chumvi hulia maji. Zote zitie kwenye chombo cha plastiki kigumu siku unayofungua pakiti. Sabuni ya unga ikipata unyevu hugandamana na kijiko hakiingii, kwa hivyo mfuko wa kilo 5 wa ofa ni faida kwa mwenye ndoo yenye kifuniko tu. Mafuta huchacha kwa joto na mwanga: yasikae juu ya kabati karibu na jiko, na dumu likishafunguliwa limalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Biskuti, usizungumze.

Kilichobaki cha kulimbikiza hapa ni kidogo lakini kizuri. Sabuni ya mche ni mfalme: ikate vipande, ipange kwa nafasi mahali penye upepo, ikauke. Kavu haiyeyuki ovyo kwenye beseni, na kipande kinadumu kuliko kile laini kilichotoka dukani jana. Dawa ya meno, pedi na tishu zilizo ndani ya plastiki zinakaa. Pampasi zinakaa pia, ila mtoto hakai; namba 3 za miezi minne mbele zitakuwa zawadi kwa mtoto wa jirani.

Vya kuisha muda vina nafasi yao. Mtindi au mkate uliopunguzwa bei kwa sababu umebakisha siku moja ni mali safi ukiula leo. Ukiuchukua "kwa ajili ya wiki", umenunua taka. Soma tarehe mwenyewe, na kama kibandiko cha punguzo kimefunika tarehe, kibandue au uache.

Kwenye kaunta, makosa huwa manne. La kwanza: bei ya ofa haijaingizwa kwenye mashine, rafu inasema 245 na risiti 289. Hutokea zaidi siku ya kwanza na ya mwisho ya ofa, kwa sababu vibandiko hubadilishwa kwa mkono na bei za mashine hubadilishwa ofisini. Piga picha ya kibandiko kabla hujaondoka kwenye rafu. Ugomvi unakwisha kwa sekunde. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, kwa hivyo uliza kwa heshima lakini usiulize kwa woga. La pili: ofa ni ya gramu 500 na wewe umebeba 400, ya rangi ileile. La tatu: bei ni ya wenye kadi tu, na namba yako haikuingizwa kabla risiti haijafungwa. Taja namba ya simu kabla ya kitu cha kwanza kupita. La nne: ofa ina kikomo, labda vipande viwili kwa mteja, na cha tatu kinatozwa bei kamili kimyakimya. Soma risiti kabla ya kutoka mlangoni. Tafuta bei ya ofa yenyewe au mstari wenye alama ya kutoa; usipoona kimojawapo, hukupunguziwa.

Pointi ni polepole. Kama duka linatoa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi ni shilingi 1, hiyo ni asilimia moja: manunuzi ya 9,000 yanakupa 90. Chukua kadi kwa kuwa ni ya bure, lakini usibadilishe duka kwa ajili yake, na usiache pointi zirundikane. Pointi si akiba ya benki. Nakumatt, supamaketi iliyokuwa na kadi katika pochi za Wakenya wengi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na duka likifunga milango hakuna kaunta ya kuzitumia. Ukifikisha 200, zitumie. Pointi za Bonga za kampuni ya simu ya Safaricom nazo zinaweza kulipia bidhaa kupitia Lipa na M-Pesa. Kabla ya kuzitoa, piga *126# uone pointi hizohizo zingekupa bando la kiasi gani, kisha uchague kile ambacho ungekinunua kwa pesa taslimu.

Misimbo ya programu za kuletewa bidhaa nyumbani inavutia kuliko inavyolipa. Chukua kapu ambalo dukani ni 1,000. Kwenye programu bei za bidhaa zimeinuliwa kidogo, tuseme 1,080. Msimbo unatoa 200, unabaki na 880. Ongeza 150 za kuletewa na 30 za huduma: 1,060. Umelipa 60 zaidi ya rafu. Kama ungepanda tuktuk ya 100, bado umefaidi. Kama duka liko ng'ambo ya barabara, umelipia uvivu, na hilo si dhambi, ila usiliite punguzo. Kiunga cha WhatsApp kinachoahidi vocha ya elfu kumi ya supamaketi ukijaza majina yako na kuwatumia watu 20 hakihitaji hesabu. Futa.

Halafu kuna duka la mtaani, ambalo karatasi za ofa hulidharau. Mafuta ya kupima na sukari ya robo ni ghali kwa kilo, hakuna ubishi. Lakini mwenye kipato cha siku hawezi kutoa 1,300 za dumu la lita 5 hata lishuke vipi, na daftari la mwenye duka linalokuvusha hadi mwisho wa mwezi halina riba. Kwa nyumba kama hizo, njia ya kushusha bei ni kuungana. Bunda la unga ni pakiti 12 za kilo mbili. Nyumba nne zinachanga, kila moja inachukua pakiti tatu kwa bei ya jumla, na kwa kuwa ni kilo sita tu hakuna fukusi atakayewahi. Sukari na mchele vilevile, kwa mizani na mbele ya wote, na pesa zikusanywe kabla ya mzigo kuja. Ukikopesha mgao wa mtu mmoja, bunda linalofuata halinunuliki.

Kuelekea Ramadhani fanya hivyo mapema zaidi. Tende, sukari, unga wa ngano na mchele wa biriani vinunue wiki mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama, wakati maduka yanashindana kwa ofa na foleni bado fupi. Tambi na maziwa ya unga pia. Matunda acha, hayo yana bei ya siku, na embe halisubiri futari ya wiki ijayo.

Na toka nyumbani na kikapu chako cha ukindu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na mfuko wa kaunta unauzwa. Mifuko miwili kila wiki kwa 20 ni 160 kwa mwezi, zaidi ya zile 90 za pointi za mwezi zilizotajwa hapo juu.