Chokaa ya Januari

Wiki hii mafundi wanapaka chokaa kuta za stoo, kule chini ya jengo letu. Jana nilishuka kuchukua baiskeli, harufu ikanipokea mlangoni: chokaa mbichi, ile inayokwaruza koo. Nikasimama na ufunguo mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata. Niliporudi juu, Mama Salma akanitazama mara moja tu.

"Umekumbuka tangi," akasema.

Nilikumbuka tangi.

Januari 2018, Hamburg, baridi ya kufunga kila kinachofungika. Tangi langu la maji ya bahari, la kufugia samaki na matumbawe, lilikuwa la lita 240, limetimiza miaka miwili, na matumbawe yalikuwa yamekua mpaka nikaanza kujiona fundi. Halafu pH, kipimo kinachoshuka asidi inapozidi majini, ikaanza kushuka. Asubuhi 7.8, jioni 7.9, na wafugaji wenzangu wote wanataja 8.1, 8.2, 8.3. Nikapima kila kinachopimika. Chumvi 35, sawa. Kalsiamu 420, sawa. Magnesiamu karibu 1,300, sawa. Alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, nyuzi 8 za Kijerumani, sawa kabisa. Mwenye akili angejiuliza hapo hapo: ikiwa alkali iko sawa, pH inashushwa na nini? Mimi nikaenda kununua chokaa ya kuipandisha.

Ni chokaa kweli, si jina la mfano. Wajerumani huiita Kalkwasser, maji ya chokaa. Unakoroga kiasi kidogo, gramu moja na nusu hivi kwa lita, unaacha yatulie, kisha unachota yale ya juu yaliyo safi na kuyadondosha tangini usiku, tone kwa tone. Polepole, kwa sababu pH yake inapita 12. Mashapo meupe ya chini hayaguswi. Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Siku hiyo tulikuwa na wageni. Shangazi alikuwa amefika kutoka Lamu, kwa hiyo kila anayetujua alikuja kumwamkia: watu kumi na wanne sebuleni, biriani kwenye jiko la gesi, madirisha yamefungwa, taulo limezibwa chini ya mlango wa roshani ili Shangazi asipigwe na upepo. Nikaitupia jicho mita. 7.7. Nikaona haya, kama mtu mwenye mtoto mgonjwa mbele za watu. Nikaenda bafuni, nikabeba ndoo ya lita nne iliyokuwa ikisubiri usiku, nikaitikisa njia nzima bila kujua, nikaimwaga yote. Na mashapo yake.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha pale ilipoingilia likazuka wingu, jeupe, zito, kama tui la kwanza linapomiminwa kwenye mchuzi. Pampu ikalidaka na kulizungusha. Nikaona mwamba wa kushoto ukipotea, halafu wa katikati, halafu kioo cha nyuma. Wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wakaja mbele mpaka kwenye kioo, midomo ikifunguka na kufunga, wakatoweka tena ndani ya weupe. Tumbawe moja laini, lenye vidole ambavyo hupunga mchana kutwa, lilikuwa karibu kiasi cha kuonekana bado. Likakunja kidole kimoja, kingine, kingine, mpaka likabaki ngumi. Sebule ikanyamaza. Kilichosikika ni mfuniko wa sufuria jikoni. Mita ikasoma 8.2. Ikasoma 8.5. Ikapanda kama mita ya teksi, 8.7, 8.9.

Shangazi akasogea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tangi, akakisugua kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hii si chokaa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Babu yako alichoma matumbawe kwenye tanuu maisha yake yote apate hii." Akatazama tangi. "Nawe unayamwagia yaliyo hai."

Sikuwa na jibu, na hata leo sijalipata.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Nikakumbuka kwamba maji ya gesi, yale ya kunywa yenye mapovu, hushusha pH, na katika nyumba za huku maji ya gesi hayakosekani. Nikamimina nusu lita kidogo kidogo, Salma akinisomea mita kwa sauti kama anahesabu magoli. Ikashuka mpaka 8.5, ikatulia. Wageni wakala biriani wakitazama tangi jeupe. Kesho yake maji yakaanza kung'aa. Tulipoteza konokono wote na matumbawe mawili, likiwemo lile la ngumi. Samaki walipona, hao wawili nadhani wanapona chochote.

Siku tatu baadaye ndipo nilipofanya kipimo ambacho ningekifanya mwanzo. Nikachota kikombe cha maji ya tangi, nikakitoa roshani, nikakipulizia hewa ya nje kwa pampu ndogo saa nzima, nikakirudisha ndani kipate joto, nikapima. 8.2. Maji hayakuwa na ugonjwa. Ugonjwa tulikuwa sisi: pumzi zetu, jiko la gesi, madirisha yaliyofungwa tangu Novemba. Kaboni dioksaidi ilijaa chumbani, ikaingia majini, ikageuka asidi. Na siku ile ya wageni kumi na wanne nilikuwa nazitibu pumzi zao kwa chokaa.

Ganda jeupe bado lipo nyuma ya hita. Nikilikwangua linatoka vipande vigumu kabisa. Babu aligeuza mawe kuwa chokaa. Mimi niligeuza chokaa kuwa mawe, tena kwa dakika moja, bila kuni.

Siku hizi majira ya baridi dirisha la sebuleni linakaa wazi upana wa vidole viwili. Bili ya joto siitaji hapa. Jana usiku mita ilisoma 8.0, na Mama Salma alikuwa anatazama taarifa ya habari akiwa na koti na soksi mbili mbili.