Stoleji ya zamani iligoma kushika kwenye swichi mpya, kumbe ni moduli
Hii imenila siku mbili nzima. Tumefunga swichi mpya ya mtandao wa stoleji (mashine za kuhifadhia data) na moduli, vile vipande vya kuchomekea faiba kwenye poti, za spidi ya giga 32, seva zote zikashika fresh ila stoleji moja ya zamani ikagoma, taa ya poti haiwaki kabisa. Nikabadilisha kebo, nikasafisha ncha za faiba, nikapima nguvu ya mwanga unaoingia, -3 dBm, yaani uko poa, sasa tatizo nini? Ndo nikasoma lebo ya kadi ya stoleji: giga 4. Moduli ya giga 32 inashuka hadi 16 na 8 tu, haifiki 4! Nikachomeka ya giga 16, hiyo inafika, nikafunga spidi ya poti kwenye 4, taa ya kijani hapohapo.