Kadi Niliyoiacha Cranmere

Mama kanipigia leo asubuhi kutoka Tanga. Kadi imefika! Nilikuwa kituoni hapa Exeter, Uingereza, basi langu likapita nisilione.

Kadi hiyo sikuitia posta mimi. Niliandika anwani ya mama, nikabandika stempu, nikaiacha katikati ya nyika ya Dartmoor, mbali na barabara, ndani ya kisanduku cha Cranmere Pool. Jina ni la ziwa, ila maji hayapo tena. Limebaki bonde dogo la udongo mweusi unaonyonya viatu. Mwaka 1854 mwongoza wageni wa Chagford, James Perrott, aliweka chupa pale ili waliofika waache kadi zao za majina. Baadaye watu wakawa wanaacha barua yenye anwani na stempu, na anayekuja nyuma yako ndiye anayeichukua na kuipeleka posta. Siku hizi wengi wanafuata mihuri. Visanduku vimefichwa nyika nzima, kila kimoja na muhuri na daftari lake. Unagonga muhuri wake kwenye daftari lako, wako kwenye daftari lake, kisha unakirudisha vilevile ulivyokikuta.

Mimi nimependa ule utaratibu wa zamani. Nimekulia nyumba ambayo barua zilisafiri kwa mkono wa mtu. Baba alimkabidhi kondakta bahasha, "Mpe shangazi yake pale Korogwe," na shangazi akaipata. Sikumbuki hata moja iliyopotea.

Tulikwenda Agosti, mimi na binti yangu wa miaka 12. Kwanza tuliangalia ratiba ya jeshi, maana upande ule wa kaskazini wanafanyia mazoezi ya risasi, na bendera nyekundu zikipandishwa hakuna kupita. Saa tano ukungu ukatushukia. Nilitaka turudi, yeye kashika dira. "Mama, usinitazame mimi, tazama unapokanyaga."

Njiani tulitafuta kisanduku kingine kidogo. Maelezo yalitaka tupime nyuzi za dira kwenye vilele viwili vya miamba, kisha tuhesabu hatua. Binti yangu alilala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya jiwe mpaka begani, akatoka na kopo la plastiki. Muhuri wake ulikuwa wa kondoo, pembe moja imefutika kwa kugongwa sana. Wetu tuliuchonga kwenye raba ya shule: dafu, na chini yake herufi za jina letu, zilizochongwa kinyume ili zikigongwa zisomeke.

Cranmere tulikuta kadi moja tu, ya kwenda Leeds. Tukaichukua, tukaacha yetu. Binti yangu hakukubali iingie kwenye mkoba. Aliiweka ndani ya koti, kifuani, mpaka Okehampton, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta mwenyewe.

Na leo, wiki saba baadaye, mama ananiuliza, "Nani huyu aliyeandika chini ya maneno yako? Kalamu si yako hii." Nikamwomba anisomee. Akanitajia herufi mojamoja, maana ni Kiingereza, nami nikaziunganisha: mvua ilikuwa kubwa, nimeibeba ndani ya shati, haikulowa. Hakuna jina.

"Mpe salamu zangu, mwanangu."

"Simjui, mama."

"Basi ziache palepale."