Moshi hadi Lushoto kwa baiskeli, Bosi kwenye tela

Ngano siigusi. Nina siliaki, ugonjwa unaoufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe kila gluteni inapoingia tumboni, na gluteni imo kwenye ngano, shayiri na rai. Tiba yake ni kuacha kabisa, maisha yote. Nyumbani Moshi hilo halininyimi usingizi: ndizi zipo, mchele upo, mahindi yapo. Kazi iko barabarani. Kuanzia Himo mpaka Mombo, chakula cha kushika mkononi ni chapati, andazi, sambusa, mkate. Na mimi nilitaka kwenda Lushoto kwa baiskeli, kama kilomita 250, nikiwa na mbwa.

Mama aliniambia nipande basi kama wenzangu. Nikamwambia mabasi hayachukui mbwa. Akasema basi mwache mbwa. Hapo mazungumzo yakaisha.

Bosi ni mbwa wa kienyeji, manyoya mafupi, mwepesi, ana mbio za kutosha lakini si za kutwa nzima juu ya lami. Fundi wa kuchomelea pale Majengo alinitengenezea tela dogo la magurudumu mawili ya baiskeli za watoto, sakafu ya turubai lililokazwa kwa kamba, na kivuli cha kitambaa cheupe juu. Nilianza kumlishia humo ndani tela likiwa limesimama uani, kisha nikamzungusha mtaani taratibu. Alipoanza kurukia humo mwenyewe kila nikishika pampu, nikajua yuko tayari. Daktari wa mifugo alimchanja kichaa cha mbwa na kunipa cheti, nikaongezea dawa ya kupe. Ofisi ya mifugo nako niliandikiwa kibali cha kumsafirisha, na mtu wa kaunta alicheka mpaka akakosea tarehe.

Unga ulinichukua muda kuliko tela. Mashine nyingi za mtaani zinasaga kila kitu, na uji wa lishe wa siku hizi mara nyingi una ngano ndani pamoja na ulezi, soya na karanga. Vumbi lile linabaki kwenye mashine. Kwa hiyo nawahi asubuhi kabla ya wateja, mashine ikiwa imefagiliwa, na kilo ya kwanza ya mahindi yangu naihesabu kuwa ya kuisafisha. Hiyo anakula Bosi. Zinazofuata ndizo zangu. Nilifunga unga, mchele kidogo, karanga, chumvi na mfuko wa dagaa ambao tungekula wote wawili, kila mtu na sufuria yake.

Tuliondoka mwezi wa saba, wakati wa baridi, nikidhani hali ya hewa itatusaidia. Mpaka Himo ilitusaidia. Ukishapita Himo na kuteremka kuelekea Mwanga unaiacha ile kijani ya mlimani, nchi inakauka, na kuanzia Same unakutana na upepo. Ni kusi, unavuma kutoka kusini-mashariki, na wewe ndiko unakoelekea. Tela lenye kivuli cha kitambaa likageuka tanga linalonivuta nyuma. Nilikishusha kitambaa, nikakirudisha jua lilipopanda, nikakishusha tena. Malori ya jasi kutoka Makanya yakipita kwa kasi unaushika usukani kwa mikono yote miwili na kumwomba Mungu.

Ratiba aliipanga Bosi. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na anapohema ulimi umelegea kabisa na mate yamekuwa mazito, umeshachelewa. Nilikuwa naondoka saa kumi na moja alfajiri na taa mbele na nyuma. Giza likiisha anashuka, anakimbia pembeni kwenye vumbi, si juu ya lami. Kila baada ya muda nasimama naweka mgongo wa kiganja barabarani: nisipoweza kuuacha hapo huku nikihesabu hadi saba taratibu, Bosi anarudi kwenye tela na hashuki tena. Kufikia saa nne mara nyingi tulikuwa tumeshaegesha chini ya mgunga au kibanda chochote chenye bati, tukalala mpaka saa tisa. Miiba ya hiyo migunga ndiyo iliyotuletea pancha zote. Bebeni viraka vya kutosha, na gundi mbichi, si ile iliyokauka dukani.

Kuhusu mama ntilie. Ukimuuliza "hiki kina ngano?" atakujibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu ni chipsi, na chipsi ni viazi. Lakini mafuta yale yale asubuhi yalikaanga sambusa. Vitumbua ni vya mchele, ila wengine wanatia unga wa ngano kidogo vishikane. Mchuzi mzito unaweza kuwa umekolezwa kwa unga. Kwa hiyo mimi naomba kuona sufuria. Hedaru nilimkuta mama mmoja ameinjika makande, chakula cha Wapare wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupakulie?"

"Humo umeweka nini?"

"Mahindi, maharage, kitunguu, chumvi. Nyama huna bahati leo."

"Na mwiko huu umekorogea nini kingine?"

Akanitazama, akautazama mwiko, akamwita binti yake alete mwingine uliooshwa. Nilipomweleza sababu, akasema kumbe ni kama shemeji yake na karanga. Akanipakulia kwenye bakuli langu, nikala hadi mkanda ukabana. Bosi hakuonja, kwa sababu ya kitunguu. Kina madhara kwenye damu ya mbwa. Alipata ugali na dagaa wake, na hakufurahi.

Pasipo na makande nilitafuta mchemsho, au mayai ya kuchemsha, au mahindi ya kuchoma, ambayo kwa mtu kama mimi ni chakula salama kuliko vyote barabarani: unayaona yalivyo. Palipokosekana vyote nililipia moto. Mama ntilie wengi hawana shida uinjike sufuria yako ukiwalipa mkaa na kuwasubiri wamalize wateja.

Kulala kulitaka adabu kuliko pesa. Gesti nyingi zilikataa mbwa kabla sijamaliza salamu. Mombo mwenye nyumba alikuwa mzee wa kanzu, na nilijua mate ya mbwa kwa Waislamu wengi ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikamtangulia: Bosi atalala kwenye tela nje ya geti, nimemfunga, ana bakuli lake, na maji yake nitayateka kwa dumu langu, sitagusa ndoo yako. Mzee akafikiri.

"Mbwa wako sina ugomvi naye, binti. Ila uani asiingie, tunaswalia humo."

Usiku mlinzi alijisogeza na kiti chake karibu na tela. Asubuhi akaniambia hajawahi kupata msaidizi asiyesinzia.

Kutoka Mombo barabara inaingia Usambara na kupanda bila huruma hadi Soni, kisha Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona. Baiskeli, unga, tela na mbwa sikuweza kuvipandisha kwa pedali. Nilisukuma. Bosi alitembea kwa miguu yake, hewa imepoa, maji yanatiririka pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu Same yeye ndiye aliyekuwa ananisubiri. Watoto walitusindikiza kipande kirefu wakibishana kwa nini mwenye gari anatembea.

Kurudi hatukupiga pedali. Dereva wa fuso lililopakia kabichi na mapeasi alikubali kutufikisha Himo, tukabaki kubishana kama Bosi ni abiria au mzigo. Tulikubaliana ni mzigo, kwa kuwa mzigo ulikuwa na punguzo.