Herufi Tano na Sikio Langu

Jana usiku umeme ulikatika tukiwa tumeshakula, nami na mpwa wangu wa kidato cha pili tukabaki mezani na mshumaa mmoja, tukicheza Wordle kwa kalamu na karatasi. Yeye huficha neno la Kiingereza lenye herufi tano, nami nina majaribio sita ya kulipata. Kwenye simu, herufi iliyo mahali pake hugeuka kijani, iliyomo nenoni lakini imekaa pasipo pake huwa njano, na isiyokuwemo huwa kijivu. Kwa kuwa mwanga wa mshumaa haumsaidii mtu kutofautisha kijani na kijivu, tulikubaliana kwamba iliyo mahali pake izungushiwe duara, iliyohama ipigiwe mstari chini, na isiyokuwemo ikatwe.

Nilianza na RAISE. S ya nne ikapata duara na R ikapata mstari, huku A, I na E zikikatwa. Nikaandika TRUST, naye akazungushia duara herufi nne, T zote mbili zikiwemo, akaikata U peke yake. Ikabaki nafasi ya katikati tu. Nilijaribu O, irabu pekee iliyosalia, nikapata TROST, neno ambalo sijalikuta popote. Nilitafakari mpaka nta ikaanza kumwagikia kisahani, kisha nikatamka kwa sauti ya mtu mzima kwamba amekosea tahajia.

"Mjomba, sijakosea. Umesahau Y."

Neno lilikuwa TRYST, yaani miadi ya siri ya wapenzi. Nilimuuliza amelijulia wapi, akasema chai inapoa.

Nimelala nikiliwaza kosa hilo, kwa sababu si la msamiati: neno lenyewe nalifahamu. Kosa ni la sikio. Mimi hutafuta neno kwa silabi, na silabi ya Kiswahili kwa kawaida haifungi mlango bila irabu. Hata maneno ya wageni tunayapokea kwa sharti hilo, ndiyo maana benki ina mkia ambao kwao haukuwepo, na skuli vivyo hivyo. Kwa hiyo ninapotazama nafasi tano tupu, mkono wangu huenda wenyewe kuweka irabu ya mwisho, ilhali Kiingereza kinaweza kumaliza neno kwa ST au GHT bila kuona haya. Kwetu neno la herufi tano lenye irabu moja si la kila siku, ingawa mchwa, wakiwa na shughuli zao, wamejipatia moja.

Sikio hilohilo ndilo lililonipoteza juma lililopita. Nilianza na AUDIO kwa tamaa ya kukamata irabu nne kwa mkupuo, nikapata mstari chini ya I tu. Kisha NIGHT ikanipa maduara manne, nikashangilia mapema. Nikaandika LIGHT, MIGHT, RIGHT na SIGHT, nikamaliza majaribio yangu yote, na neno lilikuwa TIGHT. Baadaye nilikaa na daftari nikaona kwamba baada ya NIGHT yalibaki angalau maneno saba ya kawaida, ukiongeza EIGHT na FIGHT, nami nilikuwa na nafasi nne tu. Aliye makini angeacha kukimbilia jibu, akaandika FILMS, neno ambalo kwa hakika haliwezi kuwa lenyewe, lakini linaloziuliza F, L, M na S kwa pamoja. Zote nne zikikataa, TREND lingeamua kati ya T, R na E, na jibu lingepatikana katika jaribio la tano. Kupoteza jaribio moja kwa makusudi ni jambo linaloniuma hata sasa, lakini hesabu yake haina ubishi.

Josh Wardle, aliyeuweka mchezo huu hadharani mwezi Oktoba 2021 kabla ya gazeti la New York Times kuununua Januari 2022, alikuwa na orodha ya maneno kama 12,000 ya herufi tano, na mwenzi wake ndiye aliyeyachuja hadi yakabaki kama 2,500 yanayofahamika. Nashukuru kwa kazi hiyo, maana Kiingereza kina vichochoro vingi.

Katika Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, ugeni wangu huonekana hata kwenye vigae. K, ambayo mimi siwezi kusema "kitabu kile kikubwa" bila kuitumia mara nne, ina kigae kimoja tu kati ya 100, na thamani yake ni alama 5. Z, ambayo kwetu huongoza nguo zote na nyumba zote, ina kigae kimoja cha alama 10. Kwa upande mwingine, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, baada ya kuhifadhi orodha ya maneno yake. Zamani nililiona hilo kuwa kioja. Sasa namwelewa kidogo: hakuwa na sikio la Kifaransa la kumdanganya.

Mpwa wangu anasema kompyuta inaweza kunipa kwa sekunde moja maneno yote yenye umbo ninalotaka. Najua. Nimewahi kufanya hivyo mara moja, nikapata jibu, nikahisi kama niliyetafuniwa chakula.

Leo ni zamu yangu kuficha. Nimeandika LYMPH, nikaikunja karatasi na kuitia chini ya sahani, kisha nikaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu baada ya kicheko cha jana ninahisi ataanza na Y.