Jumatatu ya supu: siku moja kwenye kibanda changu, Nakuru

Jumatatu ndiyo siku yangu ya supu. Jumapili watu wanakula choma, na shemeji yangu mwenye bucha huko Free Area hubakiwa na mbavu, mapande ya mguu wa mbuzi na mifupa iliyong'ang'aniwa na nyama. Anaipoza na kuitia kwenye friji usiku huohuo, kisha ananiuzia kwa bei ya undugu.

Saa 10:30 alfajiri niko macho. Jiji au si jiji (hadhi tulipewa Desemba 2021), baridi ya Julai hapa haijabadilika. Maharagwe ya nyayo yalilala ndani ya maji usiku kucha na sasa yamevimba, ngozi imetanuka hadi ikaanza kung'aa. Yale maji namwaga, nasuuza, natia mengine.

Saa 11:00 jiko limeshika. Maharagwe yanaanza kwa moto mkali, yatokote dakika kumi au zaidi, ndipo napunguza makaa. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na moto wa polepole peke yake hauimalizi. Kwenye sufuria ya pili nachemsha mifupa mitupu. Nyama naitenga kando, kwa sababu ilishaiva jana. Ukiipika tena kwa muda wa saa tatu inageuka nyuzi.

Dada yangu aliyeolewa Mombasa hunicheka kwamba sisi wa bara tunapika maharagwe kama tunangoja mvua. Yeye yuko usawa wa bahari, maji yake yanachemka nyuzi 100. Huku Nakuru, karibu mita 1,850 juu, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hivyo hata ukiongeza makaa, maji hayapati joto la kwake. Kinachosaidia ni kuloweka vizuri na kununua maharagwe ya msimu huu. Ya zamani, yaliyokaa gunia mwaka mzima, yatamaliza makaa yako na bado yatakwaruza ulimi. Magadi situmii. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yakizidi supu inaonja sabuni.

Saa 1:00 asubuhi wateja wa chai na mandazi. Hapo hakuna la kusimulia, ni mbio tu.

Saa 2:30 nachota harage moja kwa kijiko na kulipulizia. Ngozi ikijikunja na kuchanika, liko karibu. Nalibonyeza kwa kidole na ulimi: lisiwe na kiini kigumu katikati. Hapo ndipo kamande inaingia. Hiyo haihitaji kulowekwa, inavunjika yenyewe na kuifanya supu iwe nzito bila unga. Wako wanaotia unga wa ngano. Mimi naona ni kumdanganya mteja.

Saa 3:30 nakaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, saumu, tangawizi kidogo, karoti, na nyanya mwisho. Kuhusu chumvi watu wabishane wanavyotaka, lakini nyanya haitangulii maharagwe kwangu. Ule uchachu wake unalifanya ganda likatae kulainika, na utakaa hapo hadi adhuhuri ukichochea changarawe. Namimina maji ya mifupa nikiyachuja, kwa sababu kibanzi kimoja kwenye jino la mteja kinaweza kukufungia biashara.

Saa 5:00 nakatakata nyama. Hapa ndipo choma inaishinda nyama mbichi: zile kingo zilizoungua kidogo zina moshi, na moshi huo unaingia kwenye sufuria nzima. Kuna wanaodharau nyama ya jana. Ikiwa imekaa mezani usiku kucha, wana haki, hata mimi siipokei. Ikiwa imelala kwenye baridi na ikachemshwa sawasawa, sioni aibu iko wapi. Naitia, natokosha hadi mapovu yapande kila upande, dhania juu.

Saa 6:30 wanafika mafundi wa gereji, mikono bado ina grisi, kisha makanga wa matatu na watu wa boda.

"Mathe, nipimie ya mia, lakini mfupa usikose!"

"Mfupa umebaki kwenye sufuria nyingine, baba. Hapa ni nyama."

"Basi niongezee chapati."

Kufikia saa 8:00 nageuza sufuria kwa upawa na kuukwangua ule uzito wa chini, ambao ndio mtamu kuliko yote. Huo nampa mzee mmoja anayeuza viatu vya mtumba jirani. Hula polepole, na hulipa kabla ya kula, jambo ambalo vijana wangu wa boda hawajajifunza.

Saa 10:00 jioni naosha vyombo na kupiga hesabu. Madeni ya boda yako kwenye daftari. Nampigia shemeji simu kuuliza kama amebakiwa na chochote leo.

"Jumatatu nani anakula choma, shemeji?" ananijibu. Basi kesho ni ndengu na chapati.